Kachomwa kisu ubavu wa kushoto na anajisikia poa: usimruhusu kwenda nyumbani kwanza

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, maiki yenyewe ndo hii. Leo ni kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na nawaambia mapema: kikitoboka upande wa kushoto hakizibi chenyewe. Presha ya kifuani iko chini kuliko ya tumboni, so kila pumzi inavuta vitu juu, yanaanza mafuta ya tumboni, unafuata mfuko wa chakula, baadaye utumbo mpana. Ambroise Paré, yule Mfaransa, aliandika mwaka 1579 habari za kapteni aliyepigwa risasi akapona, miezi 8 baadaye akafa, kumpasua wakakuta utumbo mpana umenyongwa kwenye katundu kadogo tu.

Sasa huyu wa kisu. Mtu akitoa pumzi kiwambo kinapanda mpaka karibu usawa wa chuchu, kwa hiyo jeraha lolote kati ya chuchu na mbavu za mwisho usiliite la kifua tu. Eksirei inaweza kuwa safi kabisa. Ukiona kwenye picha mpira uliopitishwa puani kwenda tumboni umejikunja kifuani, hapo huna haja ya kubishana, ila siti skani nayo inakosa matundu ya sentimita moja mbili, ndo maana mgonjwa aliyetulia tunamwangalia kwanza halafu tunaingia na laparaskopi, yaani kamera inayopitishwa kwenye tundu dogo tumboni, na kama kwako hakuna, piga simu upange rufaa. Kulia ini linakinga, tundu dogo huko mara nyingi tunaliacha. Wa ajali za magari na bodaboda ni tofauti, pale kiwambo kinachanika kweli, hata zaidi ya sentimita 10.

Na kabla ya kuweka drein ya kifuani, ule mpira wa kutoa damu na hewa, ingiza kidole kwanza upapase, tafadhali, mfuko wa chakula unaweza kuwa umepanda huko ukautoboa.

Kushona kwenyewe si kazi ngumu. Fungua tumbo katikati, maana bandama na utumbo navyo huwa vimeumia, rudisha viungo, osha kifua, shona kwa uzi usioyeyuka namba 0 au 1, acha drein. Aliyechelewa miaka ndo kasheshe, vitu vimegandana na pafu, wengi hapo wanafungua kifua na pengine kuweka wavu wa kuziba tundu.

Dada aliyeuliza kama mgonjwa wa ICU anaweza kuwa na tundu na picha isionyeshe: ndiyo, ventileta, mashine ya kupumulia, inasukuma hewa ndani kwa hiyo viungo vinaweza kubaki chini, picha ya jana ikakudanganya. Akishatolewa kwenye mashine rudia eksirei.