Plasmidi ipi kwa kazi ipi: mazungumzo na wanafunzi wa maabara

Haya jamani, tukae tuanze, waliochelewa watatukuta njiani. Plasmidi ni kile kiduara kidogo cha DNA tunachomwingizia bakteria ili abebe jeni tunayoitaka, na kila mwaka naulizwa swali moja, mwalimu nitumie plasmidi gani, na mimi namrudishia mwenyewe, unataka ikufanyie nini? Wengi hawana jibu, wamechukua tu ile iliyokuwepo kwenye friza, na mimi pia nilikuwa hivyohivyo.

Cha kwanza kuangalia ni ori, yaani pale bakteria anapoanzia kunakili plasmidi, maana ori ndo inaamua kila seli itabeba nakala ngapi. pSC101, ambayo wanasayansi Cohen na Boyer waliitumia mwaka 1973 kuunganisha DNA, inakaa nakala kama 5. p15A ni 10 na ushee, pBR322 ni kama 15 mpaka 20, halafu kuna pUC, hiyo inafika 500 hadi 700, na ni ukoo uleule wa pBR322, ila wameitoa jeni ya rop na kuna herufi moja ya DNA imebadilika, basi breki zikaachia.

Sasa mtu akiona 700 anafurahi, eti nyingi ndo nzuri. Ni nzuri kama unataka DNA yenyewe, unakuza usiku, asubuhi unavuna ya kutosha. Ila ukiweka humo jeni ambayo protini yake inamkera bakteria, umemtwisha mzigo mara 700, atakua kwa kujikongoja, na atakayebahatika kupata mutesheni ya kuiua hiyo jeni ndo atajaza chupa nzima. Mimi nilituma plasmidi ya hivyo kusomwa herufi za DNA mara 3, kila ikirudi jeni imevunjika, nikawa nalaumu primer, kile kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia usomaji! Nilipoihamishia kwenye pSC101 ikatulia.

Kama kazi ni kuzalisha protini nyingi, hapo ni plasmidi za pET, zenye promota ya T7, yaani swichi ya kuwashia jeni iliyotoka kwa kirusi T7. Swichi hiyo inasomwa na polimerasi ya T7, kimeng'enya unachokikuta kwenye BL21(DE3), aina ya bakteria wa maabara, na unakiamsha kwa kemikali iitwayo IPTG. Ila usiihifadhi humohumo BL21, ihifadhi kwenye DH5α, aina nyingine ya bakteria ambayo haina hiyo polimerasi, kwa hiyo jeni inalala.

Ukitaka plasmidi mbili kwenye seli moja ndo watu wanapoanguka. Seli inahesabu nakala kama konda wa daladala, anahesabu vichwa tu haulizi majina, sasa plasmidi mbili zenye ori moja kwake ni abiria wa aina moja, seli zikigawanyika wee, mwisho inabaki moja. Kwa hiyo changanya ori, pET ikae na yenye ori ya p15A, na kila moja iwe na dawa yake, yaani antibayotiki ambayo plasmidi hiyo inampa bakteria ukinzani, ili asiyeibeba afe. Plasmidi ya pLysS imepangwa hivyohivyo, ni ori ya p15A na dawa ya kloramfenikoli, ndo maana inaishi na pET bila ugomvi.

Wanasayansi Elowitz na Leibler mwaka 2000 walitengeneza ile saketi ya jeni 3 zinazozimana kwa zamu, wakaiweka kwenye pSC101, halafu jeni ya GFP, ile protini ya kuwaka kijani, wakaiweka pembeni kwenye plasmidi yenye ori ya ColE1 na nakala nyingi. Saketi ikae kwenye nakala chache, taa iwe kubwa ionekane. Mi naupenda sana mpangilio ule.

Dawa sasa. Ampisilini ni rahisi, kila mtu anayo, lakini kimeng'enya kinachoivunja kinatoka nje ya seli, sahani ukiisahau kwenye inkubeta mpaka jioni unakuta koloni moja kubwa imezungukwa na vidogo kama punje za ulezi. Vile vidogo havina plasmidi, vimekula msosi wa jirani, usividonoe! Kwa kazi ya siku nyingi mi natumia kanamaisini.

Kuna kijana ananyoosha mkono... anauliza kama bakteria anaenda kufanya kazi nje, shambani tuseme, achague ipi. Kaka, mi ningesema hakuna. Kule nani atamwagia udongo antibayotiki? Bila dawa, aliyeitupa plasmidi anakimbia kuliko aliyeibeba, baada ya muda umebaki na bakteria wa kawaida, tena plasmidi inaweza kuhamia kwa wengine na ukinzani wake. Weka jeni yako kwenye kromosomu, ile DNA kuu ya bakteria mwenyewe. Ndiyo, nakala ni moja, kwa hiyo tafuta promota yenye nguvu kidogo. Dada pale nyuma, ulikuwa na swali?