Linda akaunti yako ya kripto, ukianzia kwenye barua pepe

Karibuni. Leo tunaimarisha usalama wa akaunti yako ya kripto, na hatuanzi na akaunti yenyewe. Tunaanza na barua pepe, kwa sababu anayeishika barua pepe yako anabofya tu "Nimesahau nywila", na njia yote inamfungukia.

Fungua barua pepe mpya, ya kripto peke yake. Isiwe na jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa, na usijisajili nayo mahali pengine popote. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger, watengenezaji wa pochi za kifaa (vifaa vidogo vya kutunzia funguo za kripto), zilivuja: barua pepe kwa wingi, na kwa baadhi yao majina, namba za simu, hata anwani za nyumbani. Pochi zenyewe hazikuguswa, ila matapeli wakaanza kuwaandama wateja hao. Ukiwa na barua pepe ya pekee, ujumbe wa kripto ukiingia kwenye ile ya kawaida unajua papo hapo ni wa kitapeli.

Nywila tusikae nayo sana: tumia programu ya kutunza nywila, ikutungie ndefu, na kila akaunti iwe na yake.

Sasa ingia Mipangilio ya akaunti yako, kisha Usalama, utafute uthibitishaji wa hatua mbili, yaani msimbo unaoulizwa baada ya nywila. Ukiona chaguo la SMS, liache. Tapeli akimlaghai mhudumu wa kampuni ya simu, namba yako inahamia kwenye laini yake. Wewe unaona tu mtandao umekatika, kumbe misimbo inaingia kwake. Chagua programu ya misimbo, kama Aegis au Google Authenticator. Gusa alama ya kujumlisha, elekeza kamera kwenye mchoro wa QR, zitatokea tarakimu sita. Hubadilika kila sekunde 30, kwa hiyo zijaze upesi. Ukipewa misimbo ya akiba, sitisha video uiandike kwenye karatasi sasa hivi. Simu ikipotea, hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani.

Tuje kwenye pochi yako binafsi na yale maneno ya siri 12 au 24 unayopewa unapoitengeneza, yanayoweza kuifungua upya popote. Hapa nakuomba utulie. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye sarafu, hata akiwa upande wa pili wa dunia. Usiyapige picha, maana simu nyingi hupandisha picha zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio wake, kisha yahakiki neno kwa neno. Akikufuata mtu kwenye ujumbe wa faragha akijiita huduma kwa wateja na kuyaulizia, usimjibu. Mzuie.

Kabla ya kutuma sarafu, linganisha anwani ya pochi uliyobandika na uliyopewa, kwani kuna virusi vinavyobadilisha ulichonakili. Usiridhike na herufi za mwanzo na za mwisho. Matapeli hutengeneza anwani zinazofanana hapo hapo. Soma na katikati. Muamala wa Bitcoin ukishathibitishwa, haurudi.

Na daftari la Bitcoin, yaani kumbukumbu ya miamala yake yote, liko wazi kwa wote. Ukiweka anwani yako hadharani pamoja na jina lako, yeyote atasoma salio lake. Pokea kila malipo kwa anwani mpya.

Je, maneno yako yameshaonwa na mtu? Kubadilisha nywila hakusaidii kitu. Tengeneza pochi mpya yenye maneno mapya, hamishia sarafu zote huko leo hii, na ile ya zamani usiipokelee chochote tena.