Dawa Mbili za Dharura na Dakika Kumi Zinazokosekana

Wauguzi wenzangu, mabibi na mabwana,

Tangu mwaka 1985 wanawake wanaouza ngono mtaani Majengo, Nairobi, wamekuwa wakitoa damu yao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, na ni kwa subira yao ulimwengu ulipata kujua kwamba wapo watu wachache wasioambukizwa VVU ijapokuwa wamekutana navyo kwa miaka mingi. Wametufundisha mengi. Swali langu leo ni sisi tumewarudishia nini.

Tumewapa mipira na vipimo vya VVU, na hilo ni jema. Hata hivyo tumezoea kuwatazama kama mlango wa maambukizi tu, tukasahau kuwa ni wanawake wanaobeba mimba, wanaolea watoto, na wanaoweza kuugua saratani ya shingo ya kizazi, ambayo hatari yake huwa kama mara sita kwa mwanamke anayeishi na VVU.

Chukueni mfano wa dawa mbili ambazo wengi hudhani ni kitu kimoja, P2 na PEP. Mpira ukipasuka usiku, dada hukimbilia duka la dawa asubuhi kununua P2, akarudi nyumbani akiamini amejikinga na kila kitu, kumbe P2 huzuia mimba pekee. PEP, inayozuia VVU, hakuambiwa habari zake, na saa 72 za kuianza zinampita. Aliyebahatika kuianza naye huenda hakuelezwa kuwa humezwa kila siku kwa siku 28, basi huiacha kichefuchefu kinapomzidi. Kuyaeleza haya kunahitaji dakika kumi za mtu asiye na haraka wala dharau.

Dakika hizo hazipatikani kwetu saa nne asubuhi, wakati yeye ndiyo kwanza amelala. Anazo mwelimishaji rika, mwenzake wa kazi aliyefunzwa, anayejua baa ipi hufungwa saa ngapi na anayeweza kulitaja jambo kwa jina lake bila kushusha macho. Huyo tumlipe, kumwita mtu wa kujitolea huku akikesha kwa niaba yetu ni kumdhulumu.

Kwa wasimamizi wa zahanati mlio hapa nina ombi moja: fungueni chumba kimoja jioni, japo mara moja kwa wiki, na anayeingia msimuulize anafanya kazi gani kabla hamjamuuliza anaumwa nini.