Vikombe vya Mavini: Kuvitambua kwa Hadubini

Asanteni, karibuni tukae. Mwenye kinyaa anisamehe mapema, maana leo tunazungumzia mavi mwanzo hadi mwisho.

Bakuli hili la plastiki lina mavi ya ng'ombe na punje chache za mavi ya mbuzi, juu ya karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Linafunikwa na kuwekwa penye mwanga, lakini si juani. Siku za mwanzo huota Pilobolus, ule ukungu wenye vichwa vyeusi. Huo tuuache. Baadaye ndipo hujitokeza vitone vya njano, vya chungwa, vya kijani kilichofifia, na vingine visivyo na rangi kabisa. Vikubwa hufika milimita chache, vingi havifiki hata nusu milimita. Hizo ni kuvu zenye umbo la kikombe au kisahani, nami nitaziita vikombe tu.

Mtu akiona kikombe cha chungwa hutaka kukitaja jina papo hapo. Haiwezekani. Rangi hiyo, au inayoikaribia, utaikuta kwa jenasi (koo za kuvu) kama Cheilymenia, kwa Lasiobolus, kwa Iodophanus, hata kwa baadhi ya Coprotus. Jina hutolewa na spora (chembe za uzazi za kuvu), na vifuko vinavyozibeba, na nywele za pembeni.

Nyanyua kikombe kimoja kwa ncha ya sindano, kiweke kwenye tone la maji, funika kwa kioo chembamba, kisha gongagonga taratibu kwa kifutio cha penseli hadi kitandazike. Maji kwanza, dawa baadaye. Najua watu wa maabara mna haraka ya kutia rangi, lakini ndani ya maji kifuko bado ki hai. Kwa lenzi ya hadubini inayokuza mara 40 utakiona kirefu, chembamba, na kwa kawaida kina spora 8. Kwenye ncha yake kuna kifuniko kidogo. Ukibahatika, kifuniko kitafunguka mbele ya macho yako, spora zichomoke kwa mpigo mmoja, na kifuko kinywee.

Sasa tazama rangi ya spora zenyewe. Za Ascobolus, jenasi nyingine ya vikombe, huanza bila rangi, zikawa zambarau, mwishowe kahawia. Vifuko vilivyokomaa huchomoza juu ya kisahani, ndiyo maana hata kwa lenzi ya mkononi unaona vidoa vyeusi. Rangi ile imekaa kama koti nje ya ukuta wa spora, na koti hilo huwa na mistari au vinundu ambavyo hutenganisha spishi. Ascobolus furfuraceus, ya kawaida sana kwenye mavi ya ng'ombe, ina mistari inayokwenda kwa urefu wa spora, na spora yenyewe ni ya mikromita (sehemu za elfu za milimita) 20 na kitu. Ascobolus immersus ni kitu kingine: kikombe kidogo mno, vifuko vichache, lakini spora ya mikromita 50 hadi 70! Ninyi mnaopima choo mnajua yai la mnyoo wa safura ni kama mikromita 60. Basi spora hii imelingana nalo kwa urefu.

Saccobolus nayo ina zambarau hiyohiyo, ila spora zake nane zimeshikamana kama ndizi kwenye kichane, na hurushwa zote pamoja.

Kabla sijaiacha Ascobolus immersus, kuna jambo linalonifurahisha. Pascal Lissouba, aliyekuwa rais wa Kongo-Brazzaville kuanzia 1992 hadi 1997, alikuwa mwanasayansi wa urithi, na kazi yake kule Ufaransa akiwa na Georges Rizet ilihusu kuvu hii ya mavini. Walijamiisha kuvu mbili zenye spora nyeupe, wakachunguza spora za kila kifuko, makundi ya nane nane. Mara chache kundi lilitoka na spora 2 za kahawia na 6 nyeupe. Kwa hesabu za namna hiyo walichimba jinsi jeni zinavyobadilishana vipande. Kuvu nyingi nyingine zisingewafaa hivyo: spora za hii zinaonekana kirahisi, na rangi inajieleza.

Tuje kwenye ayodini. Dawa ya Melzer, yenye ayodini, ndiyo wataalamu huisifu, lakini kuipata ni shida, na kwa swali letu, yaani kama ukuta wa kifuko unageuka buluu, Lugol, ile ayodini mnayotumia kupima choo, inatosha. Weka tone ukingoni mwa kioo, vuta maji upande wa pili kwa karatasi. Ascobolus na Saccobolus, kwa sehemu kubwa, ukuta wa kifuko hugeuka buluu. Iodophanus hugeuka buluu vilevile, ingawa spora zake hazina rangi na zina vipele vidogo. Peziza hushika buluu zaidi kwenye ncha. Cheilymenia, Lasiobolus, Coprotus na Thelebolus hazigeuki. Angalieni vifuko vitupu, si vilivyojaa: glaikojeni (wanga wa akiba) iliyo ndani huwa kahawia-nyekundu ikikutana na ayodini, na hiyo si jibu la ukuta.

Buluu isipotokea, tafuta nywele. Za Lasiobolus hazina rangi, ni ngumu, zimechongoka, na ndani hazina vikuta vya kuzigawa. Za Cheilymenia huwa na vikuta na umanjano wa kahawia. Lakini Cheilymenia granulata, ile ya chungwa inayojaa kwenye mavi ya ng'ombe, haina nywele za kweli. Nje ina chembechembe za seli za mviringo. Hapo wengi hukwama.

Hakuna buluu, hakuna nywele, spora laini zisizo na rangi? Hesabu spora kwenye kifuko. Coprotus huanzia 8 na spishi nyingine hupita 200. Thelebolus stercoreus mara nyingi ina kifuko kimoja tu, chenye spora zaidi ya 1,000.

Kupima: chagueni spora zilizokwisha kutoka kwenye kifuko, angalau 20, na msihesabu vipele wala utando wa ute. Spora ya Ascobolus ambayo bado haina rangi itakupeleka kwenye jenasi isiyo yake, kwa hiyo kikombe kichanga kiandikeni "hakijakomaa", mkisubiri siku mbili tatu. Na kwenye lebo msisahau mnyama ni yupi.

Haya, maswali.