Saa ya Maji na Saa ya Ofisi: Kupima Maji ya Mlango wa Msimbazi

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa mazingira, maofisa afya wa kata na wakazi wa bonde la Msimbazi. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nimeambiwa umeme wa hapa hauna uhakika, kwa hiyo sikuja na picha za ukutani. Nitasema tu.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kule Kisarawe. Unalikata jiji kwa kilomita zipatazo 35, unapokea vijito vya Luhanga, Sinza na vingine njiani, unatandaa Jangwani, kisha unaingia baharini pale daraja la Salender katikati ya mikoko. Kwa miaka mingi tumesikia kwamba maji yake yamepimwa na kukutwa machafu. Sibishi. Ila kabla hujanitajia idadi ya bakteria, mimi nina swali langu: mlipochota, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa? Ilikuwa bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, siku za katikati yanaposogea kidogo? Asiyeweza kunijibu hilo, namba yake siwezi kuifanyia kazi, hata kama maabara yake ndiyo bora kuliko zote nchini.

Sababu ni hii. Hapa Dar, siku za bamvua, kati ya maji kujaa na kupwa kuna tofauti ya zaidi ya mita tatu. Siku za maji mafu tofauti inashuka hadi kama mita moja. Maana yake, pale Salender, mahali palepale unaposimama, saa hii unachota bahari na baada ya saa sita unachota mto. Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Mto hauna hata gramu moja. Bahari inakuja na oksijeni, mto unakuja na vyoo vya jiji. Ukichanganya matokeo ya saa hizo mbili ukatoa wastani, umepata maji ambayo hayapo popote.

Si hivyo tu. Hata kwa saa ileile, maji ya juu na ya chini hutofautiana. Ya mto ni mepesi, yanapita juu. Ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini. Shusha kifaa cha kupima chumvi polepole kutoka kwenye ngalawa baada ya mvua, uone: juu kinasoma maji matamu, ukishuka mita moja na nusu namba inaruka ghafla. Mwenye ndoo na kamba hataliona hilo. Atachota juu, aandike “Msimbazi”, aondoke.

Sasa nije kwenye ofisi zetu. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Wiki ya maji mafu mambo hugeuka: saa nne yamejaa, saa kumi yamepwa. Wavuvi na akina mama wanaotafuta pweza wanalijua hili tangu utotoni. Ofisa wetu anaripoti kazini saa moja na nusu, gari linapatikana saa tatu, saa nne yuko Salender. Ikiwa ni bamvua, amekuta mto mtupu, ataandika hali ni mbaya mno. Ikiwa ni maji mafu, amekuta bahari, ataandika hali imeimarika. Na mkuu wake atasoma kwamba kuna mafanikio.

Kuna mtego mwingine ambao hata wasomi wameuingia. Mnasema: tutapima kila baada ya wiki mbili, saa nne kamili, ili tuwe na utaratibu. Utaratibu huo una kasoro. Mzunguko wa bamvua na maji mafu ni siku 14 na robo tatu hivi. Ukirudi kila siku ya 14 saa ileile, utakuta maji yamesogea dakika 40 tu. Kama ulianza na maji yaliyopwa, itakuchukua zaidi ya miezi minne hadi uyakute yamejaa. Katika muda huo utachora mstari mzuri unaopanda, utasema mto unapona. Kumbe mto uko vilevile. Kilichobadilika ni mwezi wa angani.

Kwa hiyo ratiba ya kupima ipangwe kwa jedwali la maji, siyo kwa kalenda ya idara. Mimi ningeanza na mara nne kwa mwezi: bamvua maji yakipwa, bamvua maji yakijaa, na hivyohivyo kwa maji mafu. Vituo visiwe vingi. Kimoja kiwe juu kabisa ambako bahari haifiki, kwa sababu hapo ndipo utakapojua mto umebeba nini kabla haujachanganyika. Kimoja Jangwani, kimoja ndani ya mikoko, kimoja Salender, kimoja nje kidogo baharini. Ukipata pesa zaidi, usiongeze vituo, ongeza saa.

Na kuna saa moja ambayo kwayo ningemlipa mtu posho nono. Oksijeni ndani ya maji ina mchana na usiku wake. Mchana mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku kila kiumbe kinavuta na hakuna kinachozalisha, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa chini kabisa. Sasa unganisheni na nilichosema. Wiki ya maji mafu maji hupwa karibu saa kumi alfajiri. Bahari safi iko mbali, msukumo ni mdogo, uchafu umetuama, na oksijeni imefika mwisho wake. Maji ya bahari yenye joto la pwani yetu yakishiba hubeba oksijeni miligramu 6 na kitu tu kwa lita. Ikishuka chini ya 2, samaki wanaoweza kukimbia wanakimbia na wasioweza wanakufa. Alfajiri ya maji mafu ndiyo saa mbaya kuliko zote pale, na ndiyo saa ambayo hakuna mtu wa serikali aliyesimama mtoni. Kifaa kidogo kinachojirekodi kila robo saa, kikifungwa kwenye nguzo na kusafishwa kila wiki, kingetuambia. Nimesema kusafishwa kila wiki, kwa sababu kome na ule utelezi wa kijani hukimaliza upesi, na kifaa kilichofunikwa na kome hupima kome.

Wanafunzi, kuhusu kuchota. Chupa ya bakteria iwe imechemshwa na maabara, usiguse mdomo wake. Ishushe ikiwa imeinama mdomo chini, sentimita 30 hivi, kisha igeuze ielekee maji yanakotoka. Acha nafasi kidogo ya hewa juu. Chupa ya oksijeni ni kinyume chake: isibaki na hata povu moja. Andika kwa penseli, wino unafutika kwenye barafu. Andika saa, hali ya maji, mvua ya mwisho ilinyesha lini. Weka kwenye kasha la barafu, na ile ya bakteria ifike maabara ndani ya saa sita hivi. Mnacheka, lakini kwa foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi saa sita si nyingi kihivyo.

Bakteria gani tuhesabu? Wengi wetu tumezoea E. koli, bakteria wa kinyesi, na kwa maji ya mto ni sawa. Kwenye chumvi na jua E. koli hufa haraka kuliko virusi wanaosafiri naye, kwa hiyo anaweza kukosekana na hatari ikabaki. Ndiyo maana kwa maji ya bahari Shirika la Afya Duniani linatumia enterokoki, bakteria wengine wa kinyesi ambao ni wavumilivu zaidi. Pale penye maji mchanganyiko ningepima wote wawili.

Sasa usimamizi, na hapa nitakuwa mfupi kwa baadhi ya mambo kwa sababu mnayajua. Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto. Ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali kwa anayetiririsha majitaka. Kiwango cha majitaka ya kiwanda, kwa kile kipimo cha siku tano cha oksijeni inayoliwa na uchafu, ni miligramu 30 kwa lita. Tatizo langu na kiwango hiki ni kwamba kinapimwa kwa lita. Kiwanda kinachotoa lita milioni moja kwa siku kikikaa sawasawa kwenye 30 kinaupa mto kilo 30 za mzigo kila siku. Kikifungulia maji safi kikayachanganya, namba kwa lita inashuka, kilo zinabaki zilezile. Mto unabeba kilo. Kibali kiandikwe kwa kilo za siku, na mita ya maji iwe kwenye bomba la kutokea.

London walilipitia hili. Mwaka 1957 mto Thames ulitangazwa umekufa, hauna samaki kwa umbali mrefu wa eneo la maji kujaa na kupwa. Wapimaji wao walifanya jambo ambalo linafaa kuigwa leo hii bila hata mkopo: kila sampuli waliirekebisha mahali pake kwa hesabu ya maji, kana kwamba zote zilichotwa maji yakiwa nusu. Hapo ndipo picha ikatulia, shimo la oksijeni likaonekana liko wapi, na likaonekana linalishwa na mitambo ipi ya majitaka. Wakaikarabati hiyo. Mwaka 1974 akaonekana samaki salimoni.

Kwetu watu hawaziamini namba, na siwalaumu. Mnakumbuka Machi 2022, Mto Mara ulivyogeuka mweusi na samaki kufa. Kamati ya serikali ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, oksijeni ikaisha. Nchi nzima ikacheka. Siingii kwenye nani alikuwa sahihi. Kisayansi jambo hilo linawezekana. Lakini msomaji hakuwa na mfululizo wa vipimo wa miaka iliyotangulia wa kulinganisha, akabaki na neno la kamati. Kwa Msimbazi, ofisi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu wana namba zao, NEMC wa mazingira wana zao, DAWASA wa majisafi na majitaka wana zao, vyuo vina tasnifu kabatini. Ziwekwe kwenye jedwali moja la wazi, lenye safu ya saa ya maji. Zisizo na saa zitafutiwe. Tarehe na saa ya kuchota zikijulikana, hali ya maji inakokotoleka hata ya miaka 20 iliyopita.

Maswali.

SWALI, kutoka kwa kijana: Mvua ikinyesha, tunaweza kuogelea ufukwe wa Coco siku inayofuata?

Hapana, mwanangu. Mvua za kwanza za vuli na masika ndizo mbaya zaidi, zinafagia kila kilicholala mitaroni miezi yote ya kiangazi. Na mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, upepo wa kusi ukianza unauongezea nguvu, kwa hiyo maji ya Msimbazi yakitoka Salender upande wa Coco uko njiani kwake. Kwingi duniani waogeleaji huambiwa wasubiri siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa. Subiri tatu. Ukitaka kuingia basi ingia maji yakiwa yamejaa, usiingie yakiwa yanatoka.

SWALI, kutoka kwa mama mkazi wa bondeni: Ninyi mnapima, sisi tunabomolewa nyumba. Kila mkija mnasema tunatapisha vyoo. Kupima huko kunatusaidia nini sisi?

Mama, umenibana, na nitakujibu bila kuzunguka. Kutapisha kupo, mvua ikianza watu wanatoboa choo, maji yaondoke nacho. Lakini wanatapisha kwa sababu gari la majitaka haliingii kwenye kichochoro cha mita moja, na hata likiingia bei yake ni ya kumkimbiza mtu. Dawa yake ni pampu ndogo za mkono, mikokoteni, na sehemu ya karibu ya kumwagia, siyo faini. Ama kupima, ndiko kutakakoonyesha sehemu gani ya uchafu ni yenu na sehemu gani ni ya wenzenu wa juu. Damu ya machinjio, rangi ya kiwanda na oili ya gereji havifanani na choo vikipimwa. Kromiamu na madini ya risasi vilivyokutwa na watafiti kwenye mchicha na udongo wa bondeni havikutoka chooni kwako. Bila vipimo vya juu na vya chini, anayelaumiwa ni anayeonekana akiwa daraja la Jangwani, na huyo ni wewe. Kwa hiyo mkipewa nafasi kwenye kamati za watumia maji, daini matokeo ya kila kituo, mkiyataja kwa saa.

Muda umeisha. Kesho ni bamvua. Maji yatapwa saa nne kasoro. Wanaokuja Salender kujifunza kuchota tukutane saa tatu upande wa Upanga, mvae viatu vya kufunga, tope la mikoko lina chupa zilizovunjika. Tutakaa hapohapo hadi saa kumi yajae, tuchote tena, kwa hiyo mje na chakula.