Ikichoma ndo inafanya kazi? Mazungumzo na wadada wa saluni na vinyozi

Haya jamani habari za mchana, wale wa nyuma sogeeni kuna viti huku mbele, msinifanye nipige kelele. Mimi ni mfamasia, nauza dawa na vipodozi pia vipo, na maneno nnayoyasikia dukani kuliko yote ni haya: "hii inachoma, ndo inafanya kazi." Mteja anarudi uso umebabuka, unamwambia acha, anakwambia hapana dada, nimeambiwa nivumilie. Leo nataka tuongee hilo tu, kwanini inachoma, na hiyo choma inamaanisha nini, maana nyie ndo mnaowapaka watu, mimi nauza tu.

Tuanze na vinyozi, nawaona mpo kona ile. Mashine imepita, wembe umepita pembeni, alafu jamaa anamwaga spirit kwenye pamba anakupitishia shingoni, unakunja uso, unapigapiga mguu chini, na kinyozi anacheka anasema wadudu hao wanakufa. Spirit inaua wadudu kweli sibishi, ila yale maumivu sio ya wadudu. Kwenye ncha za neva za ngozi kuna kipokezi kinaitwa TRPV1, kazi yake kukushtua joto likifika nyuzi 42 au 43 hivi. Ndo hicho hicho pilipili inakishika, ndo maana umekata pilipili mbichi alafu ukajigusa jicho unaruka kama umeshika jiko wakati hamna moto wowote pale. David Julius wa Marekani alikitambua 1997 na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Sasa alkoholi inachofanya inakishusha kile kiwango, badala ya kusubiri 42 kinaanza kupiga kelele kwenye 34 hivi, na 34 ni joto la ngozi yako mwenyewe kabisa. Yani hujaunguzwa na kitu, unasikia joto lako mwenyewe limegeuka moto, na kwa kuwa wembe umeshakwangua juu, spirit inafika kwenye neva bila kubisha hodi.

Hapo kwenye kukwangua ndo kuna mambo. Juu kabisa ya ngozi kuna tabaka, usoni ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, seli zilizokufa zimelaliana kama makuti kwenye paa na katikati yake kuna mafuta, yani seramaidi, kolestroli na asidi za mafuta. Likiwa zima unaweza kupaka vitu vingi tu usisikie chochote. Likiharibika, losheni ile ile uliyopaka miaka mitano inaanza kukuchoma, na hapo watu wanakuja dukani na kopo mkononi wamekasirika, "hawa wamebadilisha, hii feki." Inawezekana feki, zipo. Ila mimi swali langu la kwanza siku zote ni umeoshea nini.

Tazameni hapa, msogee kidogo. Hii karatasi ya pH, ya kupima kitu ni asidi au alkali, chini ya 7 asidi, juu yake alkali, naichovya kwenye povu la sabuni ya kipande, ya kuogea ya kawaida, sio ya mche… mmeona? Bluu. Hiyo ni 9 kwenda 10. Ngozi yenyewe inataka 4.5 mpaka 5.5 hivi. Na msiniambie hii yangu ni ya mtoto au ni ya asili, sabuni yoyote ya kipande iliyopikwa kwa mafuta na magadi inatoka alkali, haiwezi kuwa vingine, na ile nyeusi ya majivu vile vile. Zile zinazoandikwa hazina sabuni ndo tofauti. Sasa naichovya kwenye limau… nyekundu ile, kwenye 2. Kuna mtu anaosha uso kwa sabuni ya bluu alafu anafuta na limau jekundu ati anasawazisha, dada yangu haikusawazishwa kitu hapo, umeipiga ngozi kushoto umeipiga na kulia. Na limau lina jingine, ukilipaka ukatoka juani majimaji yake yanaungana na mwanga yanaunguza, siku chache baadae unabaki na baka jeusi lenye umbo la pale lilipomwagikia.

Mteja wa kawaida saivi anafanya hivi: asubuhi sabuni ya kipande na dodoki usoni (dodoki usoni jamani!), alafu serumu ya vitamini C, jioni skrabu, usiku asidi ya glaikoliki ya kubandua ngozi na retino (ile ya jamii ya vitamini A) juu yake, kwa sababu kaona kwenye simu wanapaka hivyo. Vitamini C ile halisi ili iingie inatengenezwa chini ya pH 3.5, kwa hiyo kuvuta kidogo ni kawaida yake. Asidi ya glaikoliki, jopo la wataalamu wa vipodozi Marekani walishasema 1998 kwamba ya kutumia mwenyewe nyumbani isizidi asilimia 10 na pH isiwe chini ya 3.5, alafu kuna watu mtandaoni wanauza ya 30 kwenye chupa isiyo na hata jina la mtengenezaji. Retino nayo wiki za kwanza inakausha na kubandua, hiyo inajulikana, ndo maana tunaanza usiku mbili kwa wiki sio kila siku. Kila kimoja peke yake ngozi inaweza kuhimili, vyote kwa pamoja wiki ya pili maji matupu ya bomba yanachoma. Ukifika kwenye maji matupu kuchoma usiniulize nibadilishe krimu gani. Acha vyote.

Na hii ya kuongeza asilimia inanikera kweli. Benzoili peroksaidi ya chunusi, ya 2.5 ilishapimwa zamani na ya 10, matokeo kwenye vile vipele vya uvimbe karibu sawa, kilichoongezeka ni kuungua. Mteja bado ataomba ya 10.

Sasa wapo watu ngozi zao nzima kabisa na bado zinachoma. Mwaka 1977 Peter Frosch na Albert Kligman kule Marekani waliwapasha watu joto mpaka wakatoka jasho, wakawapaka asidi ya laktiki asilimia 5 pale kwenye mkunjo wa pua na shavu. Wengine hawakusikia kitu, wengine iliwachoma dakika chache kwa nguvu alafu ikaisha, na ukiangalia ngozi huoni alama yoyote. Kwa hiyo mteja akikwambia inachoma na wewe huoni kitu, usimwambie unadeka. Na mnaona walianza na jasho. Dar mwezi wa pili, mtu katoka kwenye daladala, uso umelowa, unampaka hapo hapo, unategemea nini. Mwache akauke kwanza.

Huyo Kligman mkumbukeni jina maana tutarudi kwake, ni mtu mkubwa kwenye mambo ya ngozi na pia ana doa kubwa, aliwafanyia majaribio wafungwa wa gereza la Holmesburg kule Philadelphia kwa miaka mingi.

Tofauti na hiyo kuna aleji, na hapa saa ndo inakwambia. Ya kuchoma inakuja dakika hiyo hiyo. Aleji inakuja kesho au keshokutwa, na inawasha zaidi kuliko kuchoma, na inaweza kuja kwa kitu ulichotumia muda mrefu bila shida maana mwili unajifunza kukikataa taratibu. Mfano wetu wa nyumbani ni piko. Hina yenyewe ya majani ni nyekundu inaenda kahawia, haina neno. Piko ile nyeusi tii ni rangi ya nywele, ina kemikali ya rangi inaitwa PPD, haikutengenezwa kuchorwa kwenye ngozi kabisa. Bibi harusi kachorwa Alhamisi, kapendeza, kapiga picha, Jumapili maua yale yale yamevimba yana malengelenge, ukipitisha kidole unalisoma ua zima kwa kugusa, mpaka jani lake. Na akishapata hiyo aleji haiishi, mwakani akipaka rangi ya nywele kichwa kinavimba mpaka macho yanafunga. Nyie wa saluni mkimuuliza mteja "umewahi kudhurika na piko" kabla ya kumpaka rangi mtakuwa mmemwokoa.

Na msinitajie vya asili. Karafuu ina eujenoli, iko kwenye orodha ya Ulaya ya manukato ambayo lazima yaandikwe kwenye lebo kwa sababu ya aleji. Msio ule wa kujisugulia wenye karafuu naupenda, harufu yake hamna mfano, ila mtu ambaye ngozi imeshachubuka usimsugulie karafuu.

Sasa turudi kwa Kligman. Mwaka 1975 yeye na mwenzake Willis walichapisha mchanganyiko wa kupunguza weusi kwenye ngozi: haidrokwinoni ya kung'arisha, tretinoini ambayo ni ndugu yake retino, na deksamethasoni, hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho. Hizo mbili za kwanza zinachoma, steroidi kazi yake mojawapo ilikuwa kuzima mwasho huo. Ilikuwa dawa, ya daktari. Mnaona ninapoelekea? Ndo mkorogo. Aliyekukorogea pale sokoni hajui hata jina la Kligman ila anajua akitia tyubu ya klobetasoli hamna mteja atakayelalamika. Mnakuja kuniambia "huu mzuri, hauchomi." Hauchomi kwa sababu umenyamazishwa! Klobetasoli ni katika steroidi kali kuliko zote za kupaka, miezi inaenda ngozi inakuwa nyembamba mishipa inaonekana, siku ukiacha uso mzima unawaka moto. Na zebaki yenyewe mara nyingi haichomi, inapita kimya inaenda kwenye figo. Vyote viwili, zebaki na haidrokwinoni, ni marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania na bado mnajua duka gani vinapatikana. Aliyetumia muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani, aende kwa daktari wa ngozi, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kizima cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu 1992.

Alafu vitabu vingi vinasema angalia wekundu. Wekundu gani kwenye ngozi yangu hii? Kwetu sisi inakuja kama zambarau, au kijivu, au weusi uliokolea, mara nyingi huoni mpaka imeshaacha baka, na baka linakaa miezi. Kwa hiyo mteja akisema inachoma hiyo ndo taarifa ya kwanza unayopata, usiizime kwa feni ukaendelea.

Kujaribu: sio unapaka mkononi dakika tano unaosha unasema iko poa. Paka ndani ya kiwiko, sehemu ile ile, asubuhi na jioni, siku saba mpaka kumi. Najua hamna mteja atasubiri. Anayeanza retino asubiri.

Swali? Ndio mama… anauliza mteja ameungua hapo hapo kwenye kiti afanyeje. Osha na maji ya kawaida mengi, sio barafu, usitie dawa ya mswaki, usitie spirit, usitie asali. Ikitulia paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na kwa wiki moja au mbili apake hayo tu aoshe na kitu laini. Midomo ikivimba au pumzi ikibana ni hospitali saa hiyo hiyo, hamna kusubiri. Ikiwa ni malengelenge, au kitu kimeingia jichoni, hospitali pia, na jicho lioshwe kwanza dakika kumi na tano. Na aende na kopo lenyewe, sio picha ya kopo, maana tunaletewa "ni ile ya kopo jeupe yenye mfuniko wa dhahabu" na dukani kwangu peke yangu za hivyo zimejaa shelfu nzima.