Saa za Kazi za Msafiri: Nasaha kwa Wafanyabiashara Waendao Guangzhou

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wafanyabiashara wa Kariakoo na wa mikoani mliofika jioni hii, nashukuru kwa mwaliko. Nimeombwa nizungumzie safari za kibiashara, na kwa kuwa wengi wenu njia yenu ni Guangzhou, China, nitaishika njia hiyo badala ya kutangatanga dunia nzima. Hoja yangu ni kwamba hasara kubwa ya safari hizi haitokani na bei ya tiketi wala ya hoteli, bali na saa ambazo mtu huzipoteza baada ya kuwa amekwisha kulipia vyote viwili. Aliyekwenda kwa wiki moja, ukimtolea siku ya kufika na ya kuondoka, amebaki na siku tano za soko. Akitumia moja kufuatilia jambo ambalo lingemalizika Dar es Salaam, sehemu ya tano ya safari imekwenda bure.

Kalenda ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Mwaka 2027, kwa mfano, ni Februari 6. Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi makwao, na hata milango ikifunguliwa tena, uzalishaji huchukua muda kurudi katika mwendo wake. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni ya sikukuu ya taifa. Kisha yapo Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili 15 na Oktoba 15. Maonyesho hayo yamegawanywa katika awamu tatu za siku tano tano: ya kwanza ni ya vifaa vya umeme na mitambo, ya pili ni ya vyombo na mapambo ya nyumbani, na ya tatu ni ya nguo, viatu na bidhaa za namna hiyo. Muuza vitenge atakayetua Oktoba 15 atatembezwa kati ya majokofu na jenereta. Na yule ambaye hana shughuli na maonyesho, anayenunua katika masoko ya jumla tu, aziepuke kabisa wiki hizo, maana hoteli hupandisha bei na vyumba huwa haba.

Tiketi ikishapatikana, isomwe saa yake kwa utulivu. Sisi tumezoea kuuhesabu usiku pamoja na siku inayofuata, na tunasema usiku wa kuamkia Jumatano bila kutatizika. Tiketi haisemi hivyo. Ndege iliyoandikwa 00:40 ya Jumatano huondoka dakika arobaini baada ya saa sita usiku wa Jumanne, kwa maana kwamba Jumanne saa tatu usiku abiria anatakiwa awe uwanjani. Wapo wanaofika Jumatano usiku na mabegi yao, wamechelewa siku nzima, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa macho yao wenyewe.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye suala la mwili, kwa sababu ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Guangzhou iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Unapokaa na muuzaji saa tatu asubuhi ya kule, mwili wako unahesabu saa kumi alfajiri, saa ambayo nyumbani ungekuwa katikati ya usingizi mzito. Na hapo ndipo unapotakiwa kupatana bei, kukagua mshono na kupiga hesabu ya kontena. Mwili hujirekebisha takribani saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki ni kuzito kuliko kurudi. Wanaoweza walale na kuamka mapema kidogo kwa siku mbili tatu kabla ya safari. Wakifika, watoke nje wapate mwanga wa jua kuanzia kama saa nne au saa tano asubuhi, kwa kuwa mwanga unaoingia machoni mapema zaidi ya hapo, katika siku za kwanza, unaweza kuurudisha mwili nyuma badala ya kuusogeza mbele. Kahawa inywewe asubuhi tu.

Kutokana na hilo, upangeni mzunguko wa masoko kwa kufuata usingizi. Soko la nguo la Shahe huanza pilikapilika kabla ya jua kuchomoza, na ikifika mchana limekwisha kupoa. Saa kumi na moja alfajiri ya Shahe ni saa sita usiku ya nyumbani. Mtu mwenye akili hawezi kulipangia asubuhi ya kwanza. Ataliweka siku za mwisho, na siku ya kwanza atakwenda kwenye masoko yanayofunguliwa mchana, kama yale ya mabegi na ngozi eneo la Baiyun, akiulizia bei tu bila kutoa malipo ya awali. Kwa maoni yangu, mkataba wowote wa fedha nyingi uliotiwa saini siku ya kufika ni mkataba uliosainiwa na mtu aliye nusu usingizini.

Ndani ya ndege, inukeni mtembee na mkunje na kukunjua vifundo vya miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka takribani maradufu kwa anayekaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi. Hatari yenyewe kwa mtu mzima wa afya ni ndogo, lakini kinga yake haigharimu kitu.

Kwenye hati nitapita haraka. Pasipoti ibaki na uhai wa miezi sita na kurasa tupu, na viza ya biashara iombwe kwa barua ya mwaliko ya kweli. Cheti cha homa ya manjano, tangu Julai 2016, kinatambulika kwa maisha yote, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kimekwisha baada ya miaka kumi. Ila kwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza, kinaanza kuhesabika baada ya siku kumi. Anayefikia kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga badala ya hotelini anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia kazi hiyo yenyewe.

Simu inahitaji maandalizi zaidi. WhatsApp, Google na Gmail hazifunguki kwenye mtandao wa kule, lakini laini ya nyumbani iliyowashiwa huduma ya roming, yaani ya kutumika nje ya nchi, kwa kawaida huzifungua, kwa kuwa data yake hupitia kwa kampuni iliyokuuzia laini. Nunueni bando la nje kabla ya kupanda ndege, na msiitoe laini hiyo, kwa sababu namba za siri za benki zitakuja humo humo. Malipo madogo ya kila siku, kuanzia chakula hadi teksi, hufanyika kwa Alipay au WeChat, programu za simu za kule, ambazo tangu mwaka 2023 zinapokea kadi za Visa na Mastercard za wageni. Ukilipa zaidi ya yuani 200 kwa mara moja hukatwa asilimia tatu. Isajilini kadi mkiwa hapa hapa, maana benki ikiukataa muamala wa kwanza, ni rahisi kwenda tawini Mtaa wa Msimbazi kuliko kuipigia simu kutoka kule wakati huku ni usiku. Fedha za kiwanda zipitie benki, tena kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye muhuri wa mkataba. Muuzaji anayekupa akaunti ya mtu binafsi umwombe maelezo kabla ya kumpa fedha. Anayebeba fedha taslimu akumbuke kutoa tamko forodhani: kuanzia dola 10,000 anapotoka Tanzania, na zaidi ya dola 5,000 anapoingia China.

Tuje kwenye mizigo. Begi moja lisizidi kilo 32, hata kama uko tayari kulipia ziada. Anayetuma kwa ndege kupitia wakala ajue kwamba mzigo hupimwa kwa ukubwa vilevile: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa kwa 6,000, na unalipia hesabu iliyo kubwa. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 inahesabiwa kilo 20. Ukijaza humo kandambili za kilo tisa, umelipia kilo kumi na moja za hewa. Toeni viatu kwenye maboksi yake, mkavipange kimoja ndani ya kingine. Pawabenki hubebwa mkononi, haiingii kwenye begi la chini, na isizidi wati-saa 100. Ile ya mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Hata hivyo, kwa ndege za ndani ya China, tangu Juni 28, 2025, isiyo na alama yao ya usalama ya 3C inazuiwa, nanyi mnaounganisha kwenda mji wa Yiwu mtanyang'anywa. Wakati wa kurudi, acheni mifuko ya plastiki ya madukani huko huko, maana Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke uwanjani bila karatasi ya taarifa yenye namba. Tanzania na China zote zimo katika Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege: malalamiko ya maandishi kuhusu begi lililoharibika hutolewa ndani ya siku saba tangu kulipokea, na kuhusu lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Ukomo wa fidia kwa abiria ni kama dola elfu mbili, ingawa ndege nzima imejaa watu wanaosema mabegi yao yalikuwa na mali ya dola elfu kumi. Sampuli ya bei kubwa ikae kwenye begi la mkononi.

Na anayepatwa na homa akiwa kule amwambie daktari mara moja kwamba ametoka nchi yenye malaria. China ilithibitishwa kutokuwa na malaria mwaka 2021, na daktari kijana anaweza kuyafikiria maradhi mengine yote kabla ya hilo.

Jioni ya mwisho isiwe ya kununua zawadi. Kaeni chumbani na picha za sampuli, ambazo kila moja ilipigwa pamoja na kadi ya muuzaji na namba ya kibanda chake, mzilinganishe na ankara moja baada ya nyingine: rangi, saizi, idadi kwa katoni. Kosa likionekana usiku huo, asubuhi bado mnaweza kupanda metro mkarudi kibandani. Ndugu Mwenyekiti, sasa niko tayari kwa maswali.